Jioni ya piano ya klasiki Lubumbashi wakati wa kiangazi: namna ya kuiandaa

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo. Kwa mwandaaji hiyo ni miezi mizuri: hakuna mvua ya kupiga bati katikati ya kipande, barabara za makomini zinapitika, na Julai na Agosti wanafunzi wako likizo. Kwa piano yenyewe ni miezi mibaya. Hewa inakauka, mbao zinasinyaa, sauti inashuka, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya digrii 10.

Wengi wakiandaa jioni ya namna hii huhangaika na bango, viti na vinywaji. Hayo hayakosi watu wa kuyashughulikia. Vinavyoharibu jioni ni viwili: chombo kisichotayarishwa na ukumbi usionyamaza. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi hapo.

Anza na piano, mpigaji baadaye

Piano za kweli utazikuta katika parokia, shule za masista, hoteli na nyumba za familia zilizorithi chombo. Nyingi ni piano za kusimama. Piano ya mkia, ile ndefu inayolala, ni adimu. Usikubali chombo kwa sababu kinang'aa. Omba nusu saa nacho mchana, nyumba ikiwa kimya. Nenda na tochi ndogo, simu yenye programu ya kupima mitetemo ya sauti, na mtu mmoja wa kusikiliza akiwa mbali kidogo.

Bonyeza vibao vyote 88, kimoja kimoja, kwanza taratibu sana, halafu kwa nguvu. Kibao kinacholia kwa nguvu lakini kinanyamaza kikibonyezwa taratibu kina shida ya mitambo, siyo ya nyuzi, na fundi wa kukaza nyuzi tu hatakiponya. Kibao kinachobaki chini mara nyingi kimekwamishwa na sarafu, kalamu au pini ya nywele iliyodondoka kati ya vibao. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Sauti inayoendelea kulia baada ya kuachia kibao maana yake kizimasauti hakilali vizuri juu ya uzi. Vibao vichache vya mwisho kabisa juu au chini vikiwa vibovu, bado una njia: Bach na Mozart waliandikia vinanda vyenye oktava tano hivi, kwa hiyo ncha zote mbili za piano ya leo hawazigusi. Lakini vibovu vikiwa katikati ya kinanda, shukuru wenyeji, uage, utafute kwingine.

Fungua kifuniko cha juu, umulike ndani. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na zote kwa pamoja huvuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani 18 hadi 20. Hesabu nyuzi zilizokatika. Angalia kutu, hasa pale uzi unapozunguka kigingi chake. Vinyundo vyenye mifereji mirefu iliyochimbwa na nyuzi hutoa sauti ya ukali kama bati. Fundi mzuri anaweza kuvisugua, ila siyo siku ya tamasha.

Kisha pima noti ya La iliyo juu ya Do ya katikati. Kipimo cha kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde. Simu ikisoma 436 au 438, hakuna taabu. Ikisoma karibu 415, chombo kimeshuka nusu toni nzima, na hapo ndipo watu hukosea: wanamlazimisha fundi akipandishe hadi 440 ndani ya wiki moja. Nyuzi za zamani hukatika, na zile zisizokatika hulegea tena usiku uleule, kwa sababu fremu na mbao hazijazoea mzigo mpya. Ikiwa piano itapigwa peke yake, hakuna sheria inayoidai 440. Piano iliyolingana yenyewe kwa yenyewe kwenye 425 hupendeza kuliko iliyovutwa kwa haraka hadi 440. Ukiwa na violini au filimbi ya klasiki jukwaani, ndipo utakapohitaji kuzungumza na fundi miezi miwili au mitatu kabla, apandishe kwa awamu.

Hewa kavu

Piano hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60. Mchana wa Julai hapa mjini kipimo hushuka chini ya hapo kwa urahisi. Ubao wa sauti, ule ubao mpana mwembamba ulio nyuma ya nyuzi au chini yake, umepindwa kidogo kuelekea nyuzi. Ukinyonya unyevu huvimba na kuzisukuma, sauti ikapanda. Ukikauka hulala, sauti ikashuka. Haishuki sawasawa: katikati ya kinanda huathirika kuliko pembeni, ndiyo maana piano iliyokazwa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, ikifika Julai haiwi tu chini, bali imeachana yenyewe. Ubao unaoshika vigingi nao husinyaa, vigingi vikalegea. Uzi ambao fundi ameukaza asubuhi na jioni umeshateleza, mara nyingi siyo uzembe wake. Ni kigingi kinachozunguka ndani ya tundu lililopanuka. Dawa yake ni kigingi kinene zaidi, nayo ni kazi ya kufanywa mapema.

Nunua kipima unyevu kidogo, kile cha kutundika ukutani, ukiweke karibu na piano wiki sita kabla. Chini ya piano ya mkia, au sakafuni kando ya piano ya kusimama, weka beseni pana lenye maji na taulo zilizoning'inizwa nusu ndani nusu nje. Uso mpana wa kitambaa ndio unaotoa mvuke. Jaza kila asubuhi. Usiweke chupa ya maji ndani ya piano, jinsi wanavyofanya katika nyumba nyingi: ikipinduka, umeua nyuzi na mitambo ya chini kwa dakika moja. Wala usishindane kufika asilimia 55. Chombo kinachokaa kwenye 40 mwezi mzima kina afya kuliko kinachorushwa kutoka 30 hadi 55 ndani ya siku nne.

Piano isipigwe na jua la dirishani, wala isikae mahali pa upepo wa mlango. Na mbabula, jiko la makaa, isikaribie.

Kuihamisha, kama hapana budi

Ushauri wa kwanza: peleka watu kwenye piano, usipeleke piano kwa watu. Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hadi 250 na zaidi. Piano kubwa ya jukwaa yenye urefu wa mita 2.74 inakaribia kilo 500. Vigurudumu vilivyo chini yake ni vya kuisogeza kidogo juu ya sakafu laini, siyo vya kuvuka uwanja wa changarawe. Vikipita hapo, mguu huvunjika.

Ikibidi, tafuta wanaume watano au sita, kigari cha chini chenye magurudumu ya mpira, mbao mbili nene za kupandia kamioneti, mablanketi na kamba pana. Funga kifuniko cha vibao kwa ufunguo au kwa kamba. Piano ya kusimama isafiri imesimama, mgongo wake umeegemea ukuta wa gari na kufungwa. Piano ya mkia hutolewa kwanza pedali, kisha mguu wa upande wa kushoto, ikalazwa kwa ubavu wake mrefu ulionyooka juu ya mablanketi, ndipo miguu mingine ikatolewa. Dereva aende taratibu: mashimo ya barabara hayavunji mbao tu, hulegeza pia skrubu za vinyundo, ukafika na chombo kinachogongagonga ndani.

Baada ya safari iache itulie wiki mbili kabla ya kukaza nyuzi. Kuihamisha Ijumaa na kuipiga Jumamosi ni kutupa pesa za fundi.

Fundi aje mara mbili

Mara ya kwanza wiki mbili au tatu kabla: hapo anarekebisha mitambo, anapandisha sauti iliyoshuka, anaziba milio ya ajabu. Mara ya pili siku yenyewe. Mpe saa mbili hadi tatu za ukimya kamili, na uandike saa hizo kwenye ratiba kama unavyoandika saa ya tamasha. Fundi anasikiliza mapigo madogo kati ya nyuzi tatu za noti moja. Mtu akiburuta viti au akijaribu maikrofoni, "moja, mbili, moja, mbili", anapoteza alichokuwa anakisikia na kurudia upya.

Saa ipi? Ukumbi wa bati huwa na joto saa nane mchana na huwa umepoa saa moja usiku. Chuma cha nyuzi kikipoa hujikaza na sauti hupanda haraka, ilhali fremu nene na mbao hupoa polepole, kwa hiyo noti hazipandi pamoja. Piano iliyokazwa saa nane kwenye joto itakuwa imeachana ifikapo saa moja. Mweke fundi kati ya saa tisa na saa kumi na moja, madirisha yamefungwa, na yabaki hivyo hadi watu waingie. Abaki hapo hapo: nusu saa kabla ya milango kufunguliwa arudi kugusa noti ambazo nyuzi zake tatu hazikubaliani tena. Zile zilizoshuka au kupanda pamoja aziache.

Taa nazo zina neno. Taa za halojeni zinazomulika piano kwa karibu hupasha nyuzi za juu na kuzishusha. Tumia LED, uziweke umbali wa mita tatu au zaidi.

Mkiwa hapo, fanyeni jaribio la kutafuta mitetemo. Mmoja apige noti zote kwa nguvu, moja baada ya nyingine, mwingine azunguke ukumbini akisikiliza. Kioo cha dirisha kilicholegea, chungu cha maua, fremu ya picha ya askofu, kishada cha funguo juu ya piano: kila kimoja kina noti yake kinachoitikia. Pachika kipande cha katoni kwenye kioo, ondoa kila kitu juu ya piano. Pedali inayolia kwii hupakwa nta ya mshumaa au unga wa risasi ya penseli. Mafuta ya kula hukusanya vumbi na kugeuka gundi. Kaza pia boliti za kiti cha mpigaji. Kiti kinachokwaruza katika kipande cha taratibu husikika hadi mstari wa mwisho.

Ukumbi unaonyamaza

Kwa watu 80 hadi 150, ukumbi wa parokia au wa shule unatosha, na piano ya kweli haihitaji maikrofoni. Kumbi za utamaduni kama Halle de l'Étoile zina taa na watu waliozoea maonyesho, lakini uliza kwanza kuhusu chombo. Ua wa wazi, chini ya miembe, unavutia kwenye bango na unakatisha tamaa masikioni: bila kuta sauti ya piano hupotea baada ya mistari minne, baridi ya usiku inapandisha nyuzi, na vumbi linaingia kwenye mitambo. Ukitaka ua lazima, tafuta wenye kuta pande tatu, weka piano mgongo wake ukielekea ukuta mgumu, na uweke maikrofoni mbili.

Ingia ukumbini peke yako siku ileile ya wiki na saa ileile utakayofanya tamasha, ukae dakika ishirini. Utasikia jenereta ya jirani, baa inayofungua muziki saa kumi na mbili, kwaya ya kanisa la kando yenye mkesha kila Ijumaa. Mwenye baa ukimwendea kwa heshima siku tano kabla, na tiketi mbili mkononi, ukamwomba apunguze sauti kwa saa moja u nusu tu, kwa kawaida mnaelewana. Ukimwendea usiku huo ukiwa na hasira, ataiongeza.

Halafu kuna bati lenyewe. Jua likizama, karibu saa kumi na mbili, bati lililokuwa limetanuka mchana kutwa hujikunja na kulia tak, tak, tak kwenye misumari. Hudumu nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo ukumbi wa bati lisilo na dari usianze kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Usiende mbali zaidi ya hapo pia, kwa sababu watu wa makomini ya Katuba, Kenya au Ruashi wanahitaji usafiri wa kurudi. Anza saa kumi na mbili na nusu, maliza kabla ya saa mbili kasorobo. Kwenye bango andika 18H00, na milango ifungwe 18H30, mji unaujua.

Viti vya plastiki hulia vikisogezwa juu ya vigae. Tandika mikeka chini ya mistari ya mbele. Uza maji nje, baada ya tamasha: vifuko vya maji na vya karanga vina mlio mkali kuliko watu wanavyofikiri. Mlango upakwe mafuta kwenye bawaba, na asimame mtu wa kuwazuia wanaochelewa mpaka makofi.

Baridi inataka akili. Waambie watu kwenye mwaliko waje na sweta au kitenge cha kujifunika. Mbabula ya makaa ndani ya ukumbi uliofungwa ni hatari ya kifo: gesi yake haina rangi wala harufu. Chumba cha mpigaji kipate beseni la maji ya uvuguvugu, aloweke mikono dakika tano na kuikausha vizuri kabla ya kuingia, na glovu za sufu.

Umeme

Piano ya kweli haili umeme, na hiyo ni sababu nzuri ya kuipendelea mahali penye delestaje, yaani mgao wa umeme. Kinachobaki ni taa. Weka taa mbili za kuchaji, moja ikimulika karatasi za muziki na nyingine vibao, ziwake tangu mwanzo wa tamasha. Umeme ukikatika, mpigaji haoni tofauti na watu hawapigi kelele. Ukisubiri ukatike ndipo uwashe, kipande kimeshaharibika.

Jenereta, ikibidi, ikae mita 25 au zaidi, nyuma ya jengo lingine, kwenye udongo badala ya saruji, na waya wa milimita za mraba 2.5.

Wengine watatumia piano ya umeme, na siyo aibu ikichaguliwa vizuri. Iwe na vibao 88 vyenye uzito wa vinyundo. Kinanda cha kanisani chenye vibao 61 vyepesi hakiwezi muziki huu, hata mpigaji awe nani. Pedali iwe ile inayokubali kukanyagwa nusu, siyo swichi ya washa-zima. Spika mbili ziwe kwenye kimo cha masikio ya waliokaa, ubavuni mwa piano, mbali na kona za ukumbi, ili sauti itoke pale macho yanapotazama. Mwangwi wa bandia uwe kidogo sana, kwani ukumbi una wake. Washa piano kwanza na spika mwisho. Wakati wa kuzima anza na spika, la sivyo utasikia mlipuko.

Hesabu ya betri ni hii: betri ya gari ya volti 12 na Ah 60 ina Wh (wati-saa) 720, lakini usitumie zaidi ya nusu, yaani 360. Piano na spika mbili kwa sauti ya wastani zikila wati 150, una saa mbili na kidogo; toa hasara ya inveta, ubaki na mbili. Zinatosha. Chaji siku moja kabla, ujaribu kwa saa nzima.

Programu

Muziki dakika 50, pamoja na makofi na maelezo dakika 65, bila mapumziko. Mapumziko katika ukumbi wa baridi hupoteza robo ya watu na dakika 25.

Kwenye piano isiyo imara fikiria mpangilio wa vipande.  Kipande cha nguvu hutelezesha nyuzi, na baada yake kipande laini hufichua kila noti iliyoachana. Basi weka laini kwanza, wakati chombo bado kimelingana, na dhoruba mwisho. Mfano wa kutosha:

Bach, Preludi na Fuga ya Do kubwa kutoka kitabu cha kwanza cha Kinanda Kilicholinganishwa, dakika 4. Inapasha mikono moto bila hatari.
Mozart, Sonata K. 545 ya 1788, bila marudio, dakika 10.
Debussy, Clair de lune, dakika 5. Kufikia hapa bati limenyamaza.
Chopin, Nokturni Op. 9 na. 2 na Op. 27 na. 2, dakika 10 au 11.
Vipande vifupi vya J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, dakika 6. Midundo yake huamsha ukumbi.
Beethoven, Sonata Op. 27 na. 2 ya 1801, dakika 15. Sehemu yake ya tatu ndiyo itakayoisumbua piano, na baada yake hakuna cha kulinda.

Jioni nzima ya piano peke yake ni desturi aliyoizoesha Liszt kati ya 1839 na 1840; kabla yake wapigaji walichanganyika na waimbaji. Mji huu, alikofanya kazi Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga, haujakosa kwaya. Kumweka mwimbaji mmoja wa soprano na nyimbo mbili za Schubert katikati humpumzisha mpigaji na kuleta familia nzima ya mwimbaji.

Karatasi za muziki wa watunzi hao wa Ulaya zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP, kwa kuwa haki zao zilikwisha muda. Za Nketia ununue. Chapisha upande mmoja, gundisha kwenye katoni ngumu, kurasa mbilimbili.

Jioni yenyewe

Piano ya mkia ikae hivi: mpigaji aonyeshe hadhira ubavu wake wa kulia, kifuniko kimefunguliwa kwa fimbo ndefu, kikielekea watu. Piano ya kusimama usiibandike ukutani. Sauti yake nyingi hutoka mgongoni; isogeze mita moja kutoka ukutani, uigeuze pembe kiasi, fungua kifuniko cha juu, na kama sauti bado ndogo ondoa ubao wa chini wa mbele. Funga vigurudumu, au uvikalishe kwenye vikombe vyake. Mstari wa kwanza wa viti uwe mita tatu kutoka kwenye piano. Watoto wape viti vya upande wa kushoto wa ukumbi, ndiko mikono inakoonekana. Mtoto anayeona mikono hutulia.

Urefu wa kiti aupange mpigaji mwenyewe, viwiko vikiwa sawa na vibao au juu kidogo. Futa vibao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kutoka ndani kuja mbele, kisha kikavu. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na jasho huteleza.

Anayegeuza kurasa akae kushoto kwa mpigaji, nyuma kidogo, asimame mistari miwili kabla. Ashike pembe ya juu ya ukurasa wa kulia kwa mkono wa kushoto, asipitishe mkono mbele ya macho, na ageuze kwa ishara ya kichwa tu. Wafanye mazoezi pamoja mara moja, hasa penye marudio: kurudi nyuma kurasa mbili ndiko kunakowachanganya wengi. Asivae bangili.

Kuhusu protokoli. Neno la kuwakaribisha lisipite dakika tatu, na hotuba ziwe moja. Wageni wa heshima wawekewe viti vya mstari wa pili karibu na njia, maana huchelewa na huondoka mapema, nao wakikaa mbele katikati ukumbi mzima utageuka kuwatazama. Mtangazaji aseme mambo matatu kwa Kiswahili chepesi na Kifaransa: simu zizimwe kabisa, sonata ina sehemu tatu na makofi ni baada ya ya tatu, na anayetaka kumtunza mpigaji kwa noti za faranga kuna kikapu mlangoni. Hilo la mwisho lisipotamkwa, mama mmoja mwenye furaha atapanda jukwaani katikati ya Chopin kubandika pesa kwenye paji la uso, na huwezi kumlaumu. Makofi yakija kati ya sehemu za sonata, mpigaji aitikie kwa kichwa na kuendelea. Asikunje uso.

Watu wakitoka, funika piano kwa blanketi, funga kifuniko, umlipe fundi usiku huohuo. Kama chombo kilihamishwa, kisirudishwe kwenye baridi ya saa nne. Kirudi kesho yake, jua likiwa limepanda. Beseni la maji liendelee kujazwa hadi mvua za kwanza, kisha uliondoe kabisa, kwa sababu kuanzia hapo tatizo litakuwa unyevu kupita kiasi.